O Lazima Ivuke Mstari

Mwanzo nilidhani ni uzembe wa brashi.
Ukutani kwa duka la unga, pale Makoroboi,
mjomba Lushinge alipiga mistari miwili kwa uzi wa chaki,
akapanga DONA katikati, nyekundu, nono,
na O ikachungulia nje kidogo
juu na chini,
kama kitambi kinachougomea mkanda.

"Umevuka," nikamwambia.
"Nimefika," akanijibu, brashi mdomoni.
Duara likigusa mstari tu, jicho hulipunja.
Liongeze unene wa ukucha
ndipo lilingane na wenzake.

Herufi zake hazikuwa na kona hata moja.
Ungeweza kumlaza mtoto juu yake.
B ilikuwa Kulwa juu na Doto chini,
na Doto ndiye aliyeshiba.
S, kambare anayejigeuza matopeni bila haraka.
Tundu la A, punje ya mchele, si zaidi,
ila lisizibwe:
herufi isiyopumua, alisema,
ukiitazama toka kivuko cha Kamanga
ni doa.

Nani alikufundisha?
Akaonyesha kwa kidevu mlima wa Mabatini,
nyumba juu ya mawe, mawe juu ya nyumba.
Jiwe la huku lina uzito, halina makali.
Limelambwa na mvua tangu hakuna wa kulitazama.

Basi wakamjia. Chekechea ya Nyakato.
Kinyozi. Mama Ng'washi wa maandazi, Kirumba,
aliyetaka jina lake liumuke kama unga wake.
Mwenye mtumbwi akalipa kwa sato wawili
aandikiwe TUTAONA ubavuni.

Lakini siku moja watu wa umeme wakataka HATARI.
Akaiandika, kwa mkono uleule.
Kufika jioni watu wameiegemea wanapiga soga,
na mbuzi kafungwa kwenye nguzo.
Akarudi asubuhi kuipa pembe.
Na Rutabanzibwa, aliyetaka HAKUNA MKOPO?
Wateja waliisoma kama karibu,
wakakopa hadi chumvi.

Wala usiiandikie barua, alinionya.
Hii ni sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya pili.
Ukimnong'oneza nayo sikioni
unampasua.
(Nilijaribu. Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Jamaa alidhani namtangazia soda.)

Siku hizi nina kompyuta na mashine ya kukata stika.
Niliwahi kuzipiga picha kuta zake
kabla kampuni ya simu haijazipaka rangi yao,
nikafuata kingo kwa kipanya, siku tatu, mgongo ukiniuma.
Mashine ina sumaku ndani yake.
Kila nikiiachia O
inairudisha mstarini, tap,
kama mwalimu wa zamu.
Naivuta. Tap.
Naivuta.
Usiku wa tatu nikaipata ile sumaku ilipojificha, nikaizima.

Juzi nikabandika DONA kwenye mlango wa kioo,
duka lilelile, sasa la mtoto wa yule bwana.
Mjomba nikamshika mkono kumvusha barabara.
Mtoto wa jicho amemfunika yote mawili,
rangi anazikumbuka tu.
Akaisoma kwa kidole gumba:
akazunguka tumbo la D,
akaingia O, akapanda nayo,
akafika pale juu
akasimama.

Kidole hakipunji kama jicho.
Kidole kinapima.

"Umevuka," akasema.
"Nimefika."

Hakucheka, kama nilivyotarajia.
Alirudi kwenye tundu la A, akalichokonoa kwa ukucha,
akauliza gundi hii inavumilia masika mangapi,
na kama kilo ya dona
bado ni bei ile.